Mstari na Mto: Tahakiki ya Ramani katika Historia ya Masisi na Walikale

Makala haya yanazungumzia chanzo kimoja cha historia ambacho aghalabu hupita mbele ya macho yetu bila kuhojiwa. Masimulizi ya mdomo yamekwisha kuhojiwa. Tangu Jan Vansina alipochapisha kitabu chake juu ya mapokeo simulizi mwaka 1961, mwanafunzi wa historia hufundishwa kuuliza ni nani anayesimulia, anamsimulia nani, na simulizi lenyewe linamfaa nani. Barua na taarifa za maofisa wa kikoloni nazo husomwa kwa tahadhari hiyo hiyo. Ramani imesamehewa. Hubandikwa katika kurasa za mwanzo za tasnifu, mara nyingi ikiwa imenakiliwa kutoka tasnifu nyingine, ikapewa kichwa kama vile "Eneo la Utafiti", kisha mwandishi huendelea na mambo yake kana kwamba karatasi ile haikusema neno. J. B. Harley alikwisha kudai mwaka 1989, katika makala iliyojadiliwa sana, kwamba ramani ni matini: ina mtunzi, ina tarehe, ina hadhira, na ina mambo inayoyanyamazia. Dai hilo limekubaliwa na wengi na kutumiwa na wachache. Hapa tunataka kulitumia mahali ambapo kukosea kuisoma ramani kumewagharimu watu ardhi, uraia, na mara nyingine uhai.

Masisi na Walikale ni teritori mbili zinazopakana katika Jimbo la Kivu Kaskazini, Kongo (teritori ni ngazi ya utawala inayokaribiana na wilaya kwa matumizi ya Tanzania). Masisi ni nchi ya milima, malisho na mashamba, yenye watu wengi. Walikale, iliyo magharibi yake, karibu yote ni msitu. Eneo lake linakaribia mara tano ya Masisi, na ni zaidi ya theluthi moja ya jimbo zima. Masisi ina uchifu wa Bahunde na wa Bashali pamoja na sekta za Osso na Katoyi. Walikale ina sekta mbili tu, Wanianga na Bakano. Katika ramani ya ukutani, ya kwanza huonekana imejaa majina yaliyobanana, na ya pili huonekana kama uwanda wa kijani usio na mwenyewe. Mwanafunzi aliyekaa nyuma darasani, ambaye hakufundishwa lolote zaidi, amekwisha kufundishwa kwamba historia ilitokea Masisi na kwamba Walikale ni miti.

Tuanze na mstari wenyewe. Tarehe 1 Agosti 1885 Dola Huru ya Kongo ilitangaza kwamba haitafungamana na upande wowote, na pamoja na tangazo hilo ikataja mipaka yake. Upande wa mashariki, mpaka ulitajwa kuwa mstari ulionyooka kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika hadi mahali ambapo nyuzi 30 za longitudo mashariki zinakutana na nyuzi 1 na dakika 20 za latitudo kusini ya Ikweta, kisha kufuata longitudo hiyo kuelekea kaskazini. Hapana Mzungu aliyekuwa amekwisha kuliona Ziwa Kivu wakati huo. Gustav Adolf von Götzen, ambaye huhesabiwa kuwa wa kwanza, alilifikia mwaka 1894, yaani miaka tisa baadaye. Mstari ule, basi, ulipigwa juu ya karatasi tupu. Atakayechukua rula na kuupiga tena juu ya ramani ya leo ataona jambo la ajabu: Ziwa Kivu lote linaangukia Kongo, na pamoja nalo miji ya Gisenyi na Ruhengeri, ambayo imo ndani ya Rwanda. Mpaka tunaoujua sasa ulitokana na mabishano marefu ya Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza yaliyomalizwa kwa mikataba ya mwaka 1910.

Mwezi mmoja kabla ya tangazo hilo, tarehe 1 Julai 1885, dola hiyo hiyo ilikuwa imetoa amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali. Amri hizi mbili zafaa kusomwa pamoja, ingawa vitabu vingi huziweka katika sura mbalimbali. Moja inatoa mpaka kwa nchi isiyojulikana. Nyingine inasema kilichomo ndani ya mpaka huo, pasipoonekana nyumba wala shamba, hakina mtu. Mahali pa kuwindia, shamba lililopumzishwa na malisho ya msimu havionekani katika ramani ya skeli ndogo. Juu ya msingi huo Hifadhi ya Albert, ambayo leo huitwa Virunga, iliundwa mwaka 1925, na Kamati ya Kitaifa ya Kivu ikapewa mwaka 1928 haki juu ya eneo kubwa mno la ardhi kwa ajili ya walowezi.

Ingekuwa ni mambo ya makumbusho tu kama sheria za uraia zisingeyafufua. Katiba ya Luluabourg ya mwaka 1964 iliufunga uraia wa Kongo na kabila lililokuwamo nchini kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908. Sheria ya mwaka 1972 ikawatambua watu wenye asili ya Rwanda-Urundi waliokuwa wamefika Kivu kabla ya Januari 1950. Sheria ya mwaka 1981 ikaifuta hiyo na kurudi nyuma hadi tarehe 1 Agosti 1885: raia ni yule ambaye mhenga wake alikuwa wa kabila lililokuwa ndani ya mipaka ya siku ile, kama ilivyorekebishwa na mikataba iliyofuata. Hatimaye sheria ya Novemba 2004 ikaisogeza tarehe mbele hadi uhuru, mwaka 1960. Tarehe nne katika miaka arobaini, na kila tarehe ina ramani yake. Mkulima wa Masisi ambaye babu yake alipandishwa mlimani mwaka 1940 alikuwa raia, akaacha kuwa raia, akawa raia tena, pasipo kuhama hata hatua moja.

Sheria ya 1981 ndiyo inayompasa mhakiki kuitazama kwa makini zaidi. Ilimtaka mtu athibitishe kwamba wahenga wake walikuwamo ndani ya mstari ambao aliyeupiga hakujua kama unapita juu ya maji au juu ya milima. Kama mstari wa awali ungesomwa bila yale marekebisho, wenyeji wa Gisenyi wangekuwa Wazaire wa asili! Bunge halikukusudia hivyo, na kwa sababu hiyo kirai cha mikataba iliyofuata kiliwekwa. Lakini kirai hicho kinakiri kwamba mpaka wa 1885, kama kitu cha kihistoria kilichokuwapo ardhini, haukuwapo.

Upande wa pili wa ziwa nao umekuwa na ramani yake. Oktoba 1996, vita vya Zaire vilipokuwa vinaanza, Rais Pasteur Bizimungu wa Rwanda aliwaonyesha wanadiplomasia mjini Kigali ramani iliyodai kwamba sehemu za Kivu zilikuwa za Rwanda kabla ya Wazungu, akataka mkutano wa pili wa Berlin. Aprili 2023, akiwa Cotonou, Rais Paul Kagame aliirudia hoja ya namna hiyo kwamba mipaka ya kikoloni iliikata Rwanda na kuacha sehemu yake nje. Hoja hii ina chembe ya ukweli, na hiyo ndiyo inayoifanya iwe ngumu kuijibu kwa kelele. Watu wanaosema Kinyarwanda walikuwapo magharibi ya mpaka wa leo kabla ya mpaka huo. Mwami Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, alipeleka majeshi yake Ijwi na Bushi. David Newbury, katika makala yake ya mwaka 1997 juu ya madai hayo, ameonyesha kasoro ilipo: ramani ile inachukua lugha, mashambulizi, kodi ya muda na utawala wa kudumu, inavipaka vyote rangi moja, na kuviita nchi. Uvamizi wa msimu mmoja unakuwa jimbo. Falme ndogo za Bahunde na Bahavu, zilizokuwa na Bami wao na miiko yao, zinatoweka chini ya wino.

Kwa maoni yetu, hata hivyo, wanahistoria wa Kongo wengi wanaoipinga ramani hiyo huijibu kwa ramani nyingine ya aina ile ile: Buhunde yenye mpaka mnene mweusi, Bunyanga yenye mpaka mnene mweusi, tangu zamani za kale. Hapo mabishano hayawezi kwisha, maana pande zote mbili zimekubaliana juu ya kosa. Nguvu za mwami zilipimwa kwa watu waliomletea ushuru, waliomwolea binti zao na waliomzika. Zilikuwa nyingi karibu naye na zilififia kadiri mtu alivyokwenda mbali, na palikuwa na vijiji vilivyowaheshimu wakubwa wawili. Kitu cha namna hiyo chaweza kuchorwa, lakini si kwa mstari.

Mfano wa Gishari unafaa kufundishwa peke yake kwa muhula mzima. Mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji ilianzisha Misheni ya Uhamiaji wa Banyarwanda, iliyoendelea hadi 1955, kwa madhumuni ya kupunguza watu Rwanda na kuyapatia mashamba ya walowezi wa Kivu vibarua. Wahamiaji walikatiwa eneo ndani ya nchi ya Bahunde, huko Masisi, wakapewa uchifu wao, Gishari, chini ya mkuu aliyetoka Rwanda. Mwaka 1957 uchifu huo ukafutwa na eneo likarudishwa chini ya mamlaka ya Kihunde. Kwa hiyo anayeitafuta Gishari kama uchifu katika ramani ya utawala iliyochorwa baada ya hapo haioni, na anayefungua ya miaka ya 1940 anaiona waziwazi, ina jina na mipaka. Bucyalimwe Mararo, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1990 juu ya migogoro ya ardhi ya Masisi ingali inahitajika kwa kila mtafiti, amefuatilia jinsi sera hiyo ilivyozaa ugomvi wa baadaye.

Tuwafikirie wanafunzi wawili katika darasa moja mjini Masisi. Mmoja nyumbani amesimuliwa kwamba Gishari ilikuwa nchi iliyoazimwa, na mwenye kuazima harithi. Mwenziwe amesimuliwa kwamba ilikuwa nchi iliyotolewa kwa hati ya serikali, ikaporwa kwa hati nyingine. Mwalimu akitundika ramani ya 1945 peke yake, amempa wa pili ushindi. Akitundika ya 1958 peke yake, amempa wa kwanza. Asipotundika yoyote, amewaachia watu wengine kazi hiyo, nao hawatatumia chaki. Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakasambaa Masisi, na chanzo chake kilikuwa ni swali hili hili la nani mwenye nchi na nani mgeni.

Ramani za makabila na za lugha zinastahili neno, hasa kwa wasomaji wa jarida la Kiswahili. Mwaka 1959 George Peter Murdock alitoa kitabu juu ya watu wa Afrika pamoja na ramani iliyoligawa bara zima katika vipande, kila kipande na kabila lake, bila nafasi iliyobaki na bila kipande kupanda juu ya kingine. Ilikuwa ni muhtasari wa maktaba. Miaka hamsini baadaye wanauchumi waliigeuza kuwa takwimu za kompyuta, na sasa hutumiwa kupima athari za biashara ya watumwa au za tawala za kale, kana kwamba mtu aliwahi kuzunguka mipaka ile kwa miguu. Katika vipande hivyo hakuna soko wala ndoa ya mchanganyiko, na mtu mwenye lugha tatu hana pa kukaa.

Mpangilio wa Malcolm Guthrie nao una tabia hiyo. Kihunde ni D51, Kinyanga ni D43, na baadaye wataalamu wa Tervuren waliichukua ile ya kwanza na kuitia katika kanda J ya Maziwa Makuu. Kwa uainishaji hilo lina sababu zake. Likichorwa, mpaka wa kanda unapita kati ya Masisi na Walikale, na msomaji asiye mwanaisimu huuona kama ukuta baina ya watu ambao kwa vizazi vingi wameoana na kufanya biashara. Kiswahili chenyewe kimewekwa pwani, kanda G. Lugha ambayo Mnyanga na Mhunde huitumia wanapokutana sokoni haina mahali katika ramani inayodai kuwaonyesha wanasema nini, kwa sababu ramani ya namna hii hujua lugha ya mama tu.

Na bado Kiswahili kimo ndani ya ramani hizo kwa mlango wa nyuma. Sekta ya Walikale huandikwa rasmi "Wanianga", ilhali wenyewe hujiita Banyanga. Majirani zao wameandikwa Bakano na Bahunde. Kiambishi wa- ni cha Kiswahili. Yaelekea jina hilo lilifika mezani kwa mwandishi kupitia kinywa cha mkalimani, askari au mpagazi aliyesema Kiswahili, na likaganda hapo. Jambo hili lina historia ndefu. Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, wamisionari waliokuwa karibu na Mombasa, walitoa mwaka 1856 ramani mashuhuri yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika Mashariki. Wao hawakuwa wamefika huko. Waliyakusanya maelezo ya wasafiri wa misafara. Ulaya iliwacheka kwa umbo la ziwa lile, kisha ikatuma watu kwenda kulitafuta. Majina ya wasafiri waliosimulia hayakuwekwa. Mtafiti wa Kiswahili anayo kazi hapa ambayo mwanajiografia hawezi kuifanya: kuzisoma tahajia za ramani kuukuu, viambishi na makosa yake, ili kujua ni lugha ya nani iliyoongoza kalamu.

Je, hapakuwa na namna nyingine ya kuipanga nchi? Mwaka 1956 Candi Rureke, msimulizi wa Kinyanga, alimsimulia Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo kwa siku kadhaa. Ulichapwa mwaka 1969 kwa ushirikiano na Kahombo Mateene. Wahakiki wameujadili sana kuhusu shujaa na kuhusu lile swali la zamani la kama Afrika ina tendi. Mpangilio wake wa mahali haukupewa uzito wa kutosha. Kijiji cha Tubondo, mto, nyumba ya shangazi Iyangura aliyeolewa na joka la majini Mukiti, nchi ya chini ya ardhi ya Muisa, mbingu: kila mahali pamefungwa na mahali pengine kwa njia ya safari na kwa njia ya undugu. Shujaa hajiulizi yuko upande gani wa mstari. Huuliza hapa ni kwa nani. Mto, ambao katika ramani ya kikoloni mara nyingi hutumika kama mpaka, humu ni barabara.

Tahadhari inahitajika. Utendi nao ni matini ya watu fulani, uliosimuliwa na mtu mmoja wakati wa ukoloni, na unawatukuza wakuu wa Kinyanga. Kuuweka mahali pa ramani kama ushahidi wa mipaka ya zamani kutakuwa ni kuurudia ule upofu kwa upande mwingine. Faida yake ni kutukumbusha swali ambalo mchora ramani hakuliuliza.

Ramani za siku hizi tuzipitie kwa haraka. Shirika la IPIS la Antwerpen limekuwa likitoa, tangu 2009, ramani za machimbo ya wachimbaji wadogo wa mashariki ya Kongo, na kwa msomaji wa ng'ambo Walikale imekuwa ni nukta za madini, Bisie ikiwa ndiyo kubwa kwa sifa. Upungufu huo ni wa msomaji kuliko wa shirika, maana takwimu zake huonyesha wachunguzi walifika lini katika kila chimbo, adabu ambayo Murdock hakuwa nayo. Ramani za magazeti ni mbaya zaidi. M23 walipoingia Walikale mjini Machi 2025, na kuondoka mwezi uliofuata, baadhi ya magazeti yalipaka rangi maeneo makubwa ya msitu ambamo hapana mpiganaji aliyekanyaga. Aliyeshika barabara na vilima vichache alipewa nchi nzima kwa brashi moja.

Wapo watakaosema kwamba, kwa hali hii, ramani iachwe. Hatuafikiani nao. Mkulima anayedaiwa kwamba shamba lake lilikuwa tupu anahitaji mchoro, na mwanafunzi wa Gishari anahitaji michoro miwili. Kinachohitajika ni kuondoa katika mitihani yetu lile zoezi la kunakili ramani na kujaza majina, ambalo hupima usafi wa mkono, na kuweka mahali pake zoezi la kulinganisha. Ramani mbili za mahali pamoja, za tarehe mbili. Nani alilipia, alitaka kufanya nini, jina gani limeongezwa, lipi limefutwa, kwa tahajia ya lugha gani. Alama zitolewe kwa kutaja kilichonyamaziwa.

Nakala za kufanyia zoezi hilo ni tatizo. Ramani nyingi za utawala wa kikoloni wa eneo hili zimehifadhiwa Ubelgiji, Tervuren na Brussels, na mwalimu wa Walikale hana nauli ya kufika Goma mara kwa mara, sembuse huko. Vyuo vikuu vya Goma na Bukavu vingeweza kuomba picha zake na kuzigawa kwa shule za sekondari kwa gharama ndogo. Mpaka hapo, kazi yaweza kuanzia kwa wanafunzi wenyewe: mmoja achore nchi yake kwa kufuata mto, wa pili kwa kufuata masoko na siku zake, wa tatu kwa kufuata mahali walipoolewa dada zake na shangazi zake. Ramani ya utawala iwekwe ubaoni mwisho, baada ya zote tatu kusomwa, na wanafunzi waeleze kwa maandishi ni mambo gani kati ya waliyoyachora hayawezi kuingia ndani yake.